Aliyesikiliza Chini ya Bahari na Ndani ya Mwezi: Maisha ya Dkt. Mize Abdulazizi Bwanaheri (1954–2025)

Marehemu aliagiza mapema kwamba wasifu wake uwe mfupi na usiwe na uongo. Kwenye ufupi tumejitahidi. Kwenye uongo hatukuthubutu kujaribu, kwa sababu hata leo, akiwa amelala chumba cha pili, hakuna hapa mwenye ujasiri wa kukosea tarehe mbele yake.

Dkt. Mize alizaliwa tarehe 3 Machi 1954, mtaa wa Dunda, Bagamoyo, mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Abdulazizi Bwanaheri, mfanyabiashara wa mbata za nazi, na Bi Shufaa binti Twalib. Mama yake alisema mtoto huyu alikuja duniani amekunja uso, kama aliyecheleweshwa na watu njiani.

Alianza chuo cha Kurani, kisha shule ya msingi papa hapa mjini kuanzia mwaka 1962. Siku moja mwalimu alifundisha kwamba bamvua na maji mafu, yaani maji kujaa sana na kujaa kidogo, huja kwa sababu mwezi unaivuta bahari. Mize akanyoosha mkono. "Na sisi hatuuvuti mwezi?" Mwalimu akamwambia akae chini, hilo halimo kwenye mtihani. Alikaa, lakini nyumbani alilia kwa hasira mpaka baba yake akadhani amechapwa. Aliendelea na sekondari Dar es Salaam, akamaliza kidato cha sita mwaka 1974, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1979 akahitimu fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1981 alikwenda Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, kusomea elimu ya mitetemo, yaani namna ya kuzijua sehemu za ndani tusizoziona kwa kusikiliza zinavyotikisika. Huko ndiko alikokutana na jibu alilonyimwa darasani. Wanaanga wa Marekani walikuwa wameacha vipima mitetemo mwezini, vikafanya kazi hadi mwaka 1977, na kumbukumbu zake zilinakiliwa kwenye kanda. Ndani kabisa ya mwezi, mamia ya kilomita chini ya vumbi lile, palikuwa na mitetemo midogo iliyorudi kila mwezi kwa mpangilio, kwa sababu dunia nayo inauvuta. Mize alichagua mitetemo dhaifu ambayo wenzake waliipuuza, akaikusanya, akaiandikia makala. Makala ilikataliwa mara mbili. Walioipitia walisema hizo ni kelele tu za chombo.

"Kelele za nini?" aliwajibu. "Kelele ina mwenyewe. Nitajieni."

Hawakumtajia, akaenda kumtafuta huyo mwenyewe peke yake. Ilimchukua miaka mingi. Sehemu ya mitetemo yake ikaonekana kweli ilikuwa kelele, chombo kikilialia kwa joto la jua linapochomoza, na hiyo aliiondoa kwa mkono wake huku akinung'unika. Iliyobaki ilisimama. Makala ilitoka mwaka 1998, na hadi leo hunukuliwa na watu ambao hawajui hata Bagamoyo iko wapi.

Tarehe 12 Septemba 1987, akiwa amesharudi nyumbani, aliolewa na Mwalimu Najim Kitwana, mwalimu wa Kiswahili, ambaye ndoa yao nzima alikuwa akimsahihisha sarufi naye akisahihishwa kila kitu kingine. Walijaaliwa watoto wawili, Adila na Farhan. Mwalimu Najim anasema wala si kweli kwamba mkewe alikuwa mkali. Alikuwa amechoka kueleza jambo lile lile.

Na alieleza sana. Kila mwisho wa Shaabani simu zilianza kuita: daktari wa mwezi, je, kesho tunafunga? "Mimi nasikiliza tumbo la mwezi," alisema. "Sura yake muulizeni sheikh." Mwaka uliofuata walipiga tena.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hapa nyumbani. Alitaka kujua kama bamvua, uzito wa maji unaopanda na kushuka, huamsha mitetemo kwenye sakafu ya bahari yetu, kama dunia inavyoamsha ya mwezini. Vipima vyake vinne vilikaa bandarini miezi huku afisa mmoja akishikilia kwamba ni vifaa vya kuvua samaki. Hatimaye, mwaka 2010, vilizamishwa kwenye kina kirefu mbele ya Bagamoyo na Pangani. Baada ya mwaka meli ilirudi kuviita kwa sauti ya majini ili viachie uzito uliovizamisha na kuelea juu. Viwili havikuitika. Cha tatu kilikuja kimejaa maji. Cha nne kilinyamaza, meli ikaondoka, nacho kikaibuka chenyewe siku zilizofuata bila mtu wa kukipokea. Wafadhili walikuwa wameshasema wazi: bila kumbukumbu, mradi unafungwa.

Kwenye boya la chombo kile alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka tangu mbali: CHOMBO CHA UTAFITI. USIFUNGUE. PIGA SIMU. Na namba yake chini. Wavuvi waliokiokota walikisoma wakakiuza. Aliyenunua alikisoma akakisafirisha. Wiki zilipita ndipo Ishaka, mnunuzi wa chuma chakavu wa Lugoba, alipopiga simu, na yeye alishauza silinda yenye kumbukumbu, amebaki na boya.

"Umeisoma namba lini?" Dkt. Mize alimuuliza.

"Siku ile ile, mama. Nilidhani wenzangu walishapiga."

Alikata simu, akamwita mumewe. Kisha wakapanda gari, wakapita Msata, wakapita Lugoba, wakafika Chalinze kwa fundi pancha aliyeitwa Muzammil. Silinda ilikuwa chini ya jeki, na juu ya jeki palikuwa na lori la mizigo.

"Hicho nimekinunua, mama," fundi alisema. "Kinabeba jeki vizuri kuliko tofali."

"Kimebeba mwaka mzima wa bahari, mwanangu. Kishushe."

"Kina lori juu yake."

"Basi shusha lori kwanza."

Fundi alicheka, akamwangalia vizuri, akaacha kucheka. Dkt. Mize alichuchumaa kando ya tairi kwa buibui lake, hakusogea hata dereva alipomwomba, mpaka gurudumu lilipofungwa. Mwalimu Najim alizunguka soko zima akatafuta gogo la mvule la kumfidia fundi, na gogo lile, tunaambiwa, lipo hadi leo.

Silinda ilipofunguliwa, kumbukumbu zilikuwa nzima. Ilikuwemo bahari ya mwaka mzima na zaidi, kisha injini ya boti, kisha barabara, na mwisho nyundo na malori ya Chalinze, kwa kuwa chombo hakikuacha kusikiliza. Makala ilitoka mwaka 2014. Ilionyesha kwamba bamvua huongeza mitetemo midogo ya chini ya bahari kwa kiasi kidogo. Neno "kidogo" alilipigania. Gazeti likaandika kwamba mama wa Bagamoyo amegundua mwezi huleta matetemeko, na tangu hapo kila mwezi mpevu watu walibisha hodi kuuliza kama walale ndani au nje.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 ardhi ilipotikisika kweli pwani hii, mtaa mzima ulijaa barazani kwake. "Kwa nini hukutuambia?" walimlaumu. "Kwa sababu sikujua!" alipaza sauti. "Hakuna anayejua! Hilo ndilo ninalowaambia tangu zamani!" Halafu akaagiza chai kwa wote, akawaeleza upya tangu mwanzo.

Alistaafu ufundishaji Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2016, ila kufundisha hakuacha. Novemba 2024 aligundulika na saratani ya kongosho. Wodini alimuuliza daktari mashine ya moyo inapima mara ngapi kwa sekunde, daktari hakujua, akamtuma akaulize. Aprili aliomba kurudi nyumbani.

Siku za mwisho Mwalimu Najim alimwomba awasamehe wote waliomuudhi, kama ilivyo desturi yetu.

"Wote?" aliuliza.

"Wote, Mama Adila."

"Haya. Nimewasamehe. Lakini walikosea."

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 19 Mei 2025, baada ya sala ya Alasiri, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Ameacha mume, Mwalimu Najim Kitwana; watoto wawili, Adila na Farhan; wajukuu watatu; mdogo wake Masoud, aliyeandika na kusoma maneno haya; na wanafunzi wengi ambao bado wanaogopa kumpelekea kazi isiyokaguliwa.

Sisi sote tulimwambia apumzike, miaka na miaka, hakutusikiliza. Sasa tunamwachia Mola amwambie. Amlaze kwa amani, amsamehe, na amkutanishe na wema. Amin.