Maziwa ya Nzi

Akina mama, msiseme sikuwaambia. Kwa gari ya kutoka Kitale, mama mmoja wa Myanga alikuwa akimfundisha muuza nguo aliyekaa naye. "Nzi ni rahisi, dada. Changanya dawa ya kupe na sukari, weka kwa kisahani chini ya meza."

"Na mtoto akilamba?"

"Si utamkataza?"

"Anatambaa, mama! Utamkataza aje?"

Nikacheka kimoyomoyo. Ati sukari! Mimi na akili zangu hutia maziwa, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeacha kisahani kimejaa nyumbani. Kicheko kikanikauka. Viola wangu anatambaa, na maziwa ndiyo chakula chake.

Pale Kiminini, karibu na kwangu, niligonga bodi ya gari kwa ngumi, nikaruka kabla gari haijasimama vizuri. Wao bado walikuwa wanabishana.