Jiko Lisilopoteza Joto

Ambrosi alijifanya amesinzia ndani ya kosta ya Mafinga, maana maneno ya siti ya mbele yalikuwa matamu kuliko usingizi. Kijana mwenye kitambulisho cha mradi shingoni alikuwa akimsifia bibi mmoja majiko banifu, yale ambayo kaya maskini zinayapata kwa ruzuku ya serikali.

"Ninalo," bibi akasema. "Maharage yanaiva, na ukiligusa kwa nje ni la baridi kama jiwe la mtoni."

"Ndiyo ubora wenyewe, bibi. Halipotezi joto."

"Hilo joto lililokuwa linapotea, baba, ndilo tulilokuwa tunaota. Sasa wajukuu wanakula wamejifunika blanketi, halafu nawasha mafiga pembeni ili wapate moto. Kuni zinaenda mara mbili. Mmetusaidia kweli."

Kijana alitoa fomu, akamwandika jina na kitongoji. Ambrosi alichungulia kwa jicho moja. Hapakuwa na mahali pa kuandika baridi.

"Kesho nakuja kukagua kama linatumika."

"Karibu," bibi akasema, kosta ikisimama, akishuka na tenga lake. "Nitawasha hilo peke yake, kwa heshima yako. Njoo na koti."