Sauti Ilipokauka, Nikatafuta Sala

Shikamooni wazee wetu. Wenzangu na vijana, habari za tangu asubuhi? Mliokaa nyuma naomba msogee mbele kidogo, maana sauti hii mnayoisikia ndiyo niliyobaki nayo, na haifiki mlangoni.

Kwa wageni ambao hawanijui, mimi ni mke wa mkulima wa hapa hapa Masama. Tangu usichana nimeimba kwaya, na watu walisema nimejaliwa kuomba. Pakiwa na msiba, mwenye nyumba anasema, "Aombe yule mama." Mtoto akipata kipaimara, aombe yule mama. Nilikuwa naanza polepole, napandisha, watu wanaitikia, halafu nateremka taratibu mpaka amina. Ndugu zangu, sisemi nilikuwa nadanganya. Nilichokisema nilikiamini. Ila sikuwahi kusimama nikajiuliza: hivi ninaongea na nani?

Mume wangu yeye ni mtu wa kimya. Ibadani anakuja, lakini ukimwambia aombe, anaangalia viatu vyake. Nyumbani niliomba mimi, yeye akaitikia amina na kuvuta sahani. Moyoni nilimweka kwenye kundi la Wakristo wa kusukumwa.

Basi nikaota uvimbe shingoni. Mwanzoni niliufunika kwa mtandio, baadaye ukawa unanibana hata kumeza. Daktari wa mjini Moshi akasema ni tezi, lazima litolewe, na akanieleza wazi kwamba mishipa ya sauti inapita pale pale. Nilipozinduka baada ya upasuaji nilifungua mdomo nimwite nesi, ukatoka upepo mtupu. Daktari akaniambia, "Mama, mshipa umelegea. Huenda ukarudi, huenda usirudi. Kwa sasa usiulazimishe, hata kwa kunong'ona."

Nikarudi nyumbani bubu. Siku hiyo mume wangu alipika mtori wa ndizi mwenyewe, akaweka mezani, tukakaa. Mimi namwangalia, yeye ananiangalia. Chakula kinapoa. Mwisho akainamisha kichwa akasema, "Mungu, huyu mke wangu haongei. Mimi nimezoea kelele zake. Naomba umrudishie sauti. Kama hutaki, basi nifundishe kuishi na huu ukimya, maana naogopa. Amina."

Mnacheka. Mimi sikucheka, nilishangaa. Miaka yote hiyo ya ndoa sikujua kwamba mwanaume huyu anaogopa kitu. Na alimwambia Mungu kama anavyomwambia jirani kwamba mfereji umeziba.

Tangu hapo nikaanza kujichunguza. Mtu asiyeongea ana nafasi kubwa ya kufikiri. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, nikasema nijaribu kuomba kimoyomoyo. Yakaja maneno yangu yale yale: "Ee Baba uliyeumba mbingu na nchi, tunakuja mbele zako kwa unyenyekevu." Nikajiuliza, tunakuja, ni nani na nani? Niko peke yangu hapa na panga. Nikajaribu tena, yakaja tena yale yale, na yalipokwisha hapakubaki kitu. Ikanitisha, lakini pia ikanipa hamu ya kujua. Kama hizi sala ni za watu wote, je, yangu mimi iko wapi?

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kuna jirani yangu, ameniruhusu niseme ila nisimtaje. Alifiwa na mtoto wake zamani kidogo, na msibani niliomba mimi. Siku moja mchana alikuja kunijulia hali, akakaa jikoni kwenye kigoda. Alianza na habari za mvua na kahawa, kisha akasema, "Dada, mimi tangu nimzike mwanangu siombi. Nakuja kanisani, nasimama, nakaa, naimba. Ndani hakuna kitu. Sijamwambia mtu."

Ndugu zangu, nawaambia, ningekuwa na sauti ningemjibu pale pale. Mstari wa Biblia ulikuwa tayari ulimini, na maombi mazuri ya kumfariji. Nikafungua mdomo, upepo. Ikabidi nikae. Nikasogeza kigoda changu, nikamshika mkono, akalia muda mrefu. Ikawa zamu yangu kulia, maana alichokisema ndicho nilichokuwa nakitafuta kihambani. Ndani yangu pia palikuwa hivyo, ila mimi nilipafunika kwa maneno mengi.

Alipoinuka akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Asante kwa kunisikiliza. Ungekuwa unaongea nisingekuja."

Alipoondoka nikatoka nje, nikakaa chini ya mgomba, na kwa mara ya kwanza nikamwambia Mungu neno langu mwenyewe. Halikuja kwa Kiswahili kile cha kanisani. Lilikuja kwa Kichagga chetu, kile nilichotumia kumlilia mama yangu nikiwa mdogo. Nikamwambia, sikujui. Nimekusema sana kwa watu, lakini sikujui, na bila sauti yangu naogopa kuwa si kitu. Sikusikia jibu lolote. Ila niliinuka nikiwa na hakika kwamba nimesikilizwa, na namna ya kuwaeleza hakika hiyo mpaka leo sijaipata.

Sauti ilirudi kidogo kidogo, hii ya kukwaruza. Kwaya nimeacha. Majuzi nilikwenda msibani Sanya Juu, wakasema kama zamani, aombe yule mama. Nikaenda kwanza kukaa na mfiwa mkekani, nikamuuliza, "Unataka nimwambie Mungu nini?" Akasema, "Mwambie nimechoka." Nikasimama nikasema, "Baba, binti yako amechoka. Mbebe." Nikakaa. Wapo walionung'unika kwamba sala ilikuwa fupi. Mfiwa aliniegemea begani mpaka jeneza likatoka.

Nawashukuru akina mama wa jumuiya mlionikatia majani na kunichotea maji. Namshukuru daktari aliyenieleza ukweli. Namshukuru jirani yangu, yumo humu ndani, siku hizi tunaomba pamoja, na kuna siku tunakaa tu. Na wewe mume wangu, ambaye hata sasa unaangalia viatu vyako, asante kwa ile sala ya mtori.

Nawaachia jambo moja. Leo ukifika nyumbani, kabla hujaanza Baba Yetu, ngoja kidogo. Jiulize una nini cha kumwambia. Ukikuta huna kitu, mwambie hivyo hivyo, kwamba huna kitu. Mimi nilianzia hapo.