Kofi la Kisimani na Leseni Yangu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, dada zangu! Alhamdulillahi, nimesimama mbele yenu na bado ni nesi. Nitasema Kiswahili, maana darsa letu leo lina Wasomali, Wamunyoyaya na kina mama wawili wa Ukambani waliosilimu, na sitaki mtu apate nusu ya habari. Mimi ni Hodan. Wengi mnanijua, nimewachoma sindano watoto wenu hapa Garissa. Mnajua pia kwamba mimi ni mtu wa maswali, na mama alishachoka nayo zamani.

Sasa sikilizeni. Wakati wa ukame nilipata likizo nikaenda nyumbani, upande wa Elwak. Siku moja tuko kisimani, foleni ndefu, jua kali, kila mtu ana hasira zake. Mdogo wangu Sahra akagombana na mama mmoja anayeitwa Halima juu ya nani ametangulia. Kufumba na kufumbua, Sahra akamtandika kofi, pete ikampasua mdomo. Nikaruka katikati. Nikamkalisha Halima chini, nikamwosha damu kwa maji ya mtungi wangu, nikamkandamiza mdomo kwa shali mpaka damu ikakatika. Lakini ndugu zake wanaume walikuwa wameshafika na fimbo, na wa kwetu pia. Ndugu zangu, siku ile nilidhani tutazika mtu.

Wazee wakaingilia, wakakaa maslaha, yaani kikao cha kupatanisha koo mbili. Wanawake hatuketi pale, kwa hiyo mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wenzangu tukipika chai na kusikiliza. Aliyetusemea ni adeer Isaak, nduguye marehemu baba. Akawaambia wale wazee kwamba aliyekosa ni binti yetu nesi, asamehewe. Nesi! Mimi! Na wao wakalainika papo hapo, wakakumbuka watoto wao niliowatibu nilipoanza kazi kule. Wakasamehe, nyama ikaliwa, chai ikanywewa. Nikamfuata adeer nikamuuliza imekuwaje.

"Kosa ni la nyumba nzima," akaniambia. "Nimelibebesha anayesameheka haraka."

Nikacheka, wallahi. Kwetu jambo hilo si la ajabu, na likishanywewa chai halifukuliwi tena. Nikarudi kazini Garissa na moyo mweupe.

Kumbe Halima ana shemeji anayekaa Nairobi, ambaye hakuwepo kwenye chai ile. Akasikia kwamba nesi amempasua mtu mdomo na ukoo wake umekiri. Akapeleka malalamiko kwenye baraza linalosimamia wauguzi. Mkuu wangu wa kazi akaniita faraghani, akaniambia nitaitwa kujieleza, na kwamba ikithibitika naweza kunyang'anywa leseni, nisishike tena mgonjwa. Mshahara huu ndio unaomlisha mama, na kazi hii ndiyo pekee ninayoijua.

Swali langu la kwanza: kwani kisimani nilivaa sare? Nilikuwa likizo! Baraza linanifuata mpaka kwenye foleni ya maji, linatafuta nini? Nikawauliza wenzangu wodini. Mmoja akasema si haki, mtu akitoka zamu ni mtu kama watu wengine. Mwingine, mkunga mtu mzima, akaniuliza kama mimi ningemkabidhi mtoto wangu mchanga mtu ninayejua kwamba hupasua watu midomo. Nikafikiri, nikafikiri, nikaona ningekataa. Basi wana haki ya kuuliza. Hilo lilinikera, maana nilitamani sana wawe wao ndio waliokosea.

Lakini ndugu zangu, oneni nilivyobanwa. Nikisema ni Sahra, nimemfanya adeer mwongo mbele ya wazee, maslaha imevunjika, fimbo zinarudi. Nikinyamaza, unesi umekwenda. Sahra alinililia kwenye simu akitaka kukiri, nikamkataza. Baada ya kila swala niliomba dua moja tu: Ya Rabbi, nitoe humu bila mtu kuumia.

Siku ya kikao, Nairobi, naingia chumbani namkuta Halima ameketi na shemeji yake. Ameletwa awe shahidi. Nikasema moyoni, yamekwisha. Wakaniuliza kama nilimpiga, nikasema sikumpiga. Nani basi? Nikasema jina la mtu silitaji. Wakauliza kwa nini mzee wetu alikiri, nikawaeleza jinsi tunavyobeba kosa kwa pamoja. Waliuliza mengi, na niliona hawaulizi kwa ubaya, walitaka kujua kama mimi ninavyopenda kujua. Ndipo wakamgeukia Halima.

"Huyu hakunipiga," akasema. "Huyu aliniosha damu kwa maji aliyoyapangia foleni tangu asubuhi."

Shemeji akaruka kwenye kiti. Wakamnyamazisha, wakamuuliza Halima ni nani aliyempiga.

"Huyo nimeshamsamehe. Kofi nililipata mimi, na msamaha ni wangu."

Subhanallah! Nilikuwa nimewaogopa wazee wote wa pande mbili, na kumbe yupo mtu mmoja anayeweza kusema kweli bila kuvunja chochote, naye ni yule aliyeumia. Nani angethubutu kumlaumu? Malalamiko yakatupwa. Mama aliyeongoza kikao akaniambia kwamba wao huandikisha mtu mmoja mmoja, hawaandikishi ukoo, na siku nyingine mtu akinikiria kosa lisilo langu nisicheke, niseme. Nikamwitikia kwa adabu. Lakini mpaka leo najiuliza, kama adeer angesema kweli siku ile, je, fimbo zingeshushwa? Sijui. Mwenye jibu anifuate baadaye.

Ninachojua ni kwamba Allah alinitoa, na alinitoa kwa mtu niliyedhani amekuja kunimaliza. Wewe uliyesingiziwa, unayeshindwa kujitetea kwa sababu utamuumiza mwenzako, usimkatie tamaa Mola wako. Muombe, kisha tulia uone atamleta nani.

Na acheni kunong'onezana mkiulizana Sahra ni yupi. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Halima, mbele ya wazee, akaomba radhi kwa jina lake. Leo ndiye aliyeniambia nisilifiche. Ni yule pale mlangoni, na mtoto aliyembeba mgongoni ni wa Halima.