Paka wa Marehemu Mama na Futari za Siri

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Mwenyekiti wetu, ambaye ni shangazi yangu na kwa hiyo hakataliwi, ameniomba nisimame mbele yenu, nyinyi wenye sukari na nyinyi mnaowatunza wenye sukari, niseme yaliyonipata. Nilimjibu kwamba mimi sina sukari. Akasema anajua, lakini nyumbani kwangu imo. Basi nasimama kwa niaba ya mgonjwa wangu, ambaye hakuweza kufika kwa sababu hapendi mikutano, na kwa sababu ni paka.

Chekeni sasa mmalize, maana mbele huko kuna mahali sitaki mcheke.

Sitamtaja mtu jina. Hata paka simtaji. Yu hai na ana heshima yake hapa mtaani. Na nyinyi mtakaojitambua katika maneno yangu, nawaomba mtazame mbele. Msigeukiane.

Wengi mnajua nilivyorudi hapa Kibiti. Nilikuwa Dar es Salaam, katika shirika la umma, nina meza, nina kiti kinachozunguka, na shahada yangu imetundikwa ukutani nyuma ya kichwa ili mgeni aisome kabla sijafungua mdomo. Zikaja siku za soko huria. Tukaambiwa tunapunguzwa, kama vile nywele. Nikarudi nyumbani na sanduku la vitabu na ile shahada, nikamwambia mama nimekuja kupumzika na kuandika makala za magazeti. Mama alikuwa mtu wa adabu. Hakuuliza nitapumzika mpaka lini.

Haukupita muda mrefu mama akaugua, akafariki. Siku zake za mwisho aliongea machache, na mojawapo lilikuwa hili: "Huyu paka usimtupe." Mimi na yule paka hatukuwa tunapendana. Alikuwa jike kubwa la kijivu, kifua cheupe, lililozoea kulala juu ya msala wa mama, na siku niliyoshuka na sanduku langu alinitazama kama karani anavyomtazama mtu asiye na miadi. Lakini nilimwitikia mama. Na ukishamwitikia mtu anayeondoka, huna tena pa kwenda kujitoa.

Arobaini ilipopita ndipo nikaona paka anakunywa maji kupita kiasi. Alimaliza bakuli lake, akahamia ndoo ya kunawia, akahamia mtungi. Anakula kama mchimba kisima, na mbavu zinahesabika. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa visigino, kama mzee aliyevaa kandambili za mjukuu wake. Mdomo nao ukaanza kunuka. Jirani yangu mmoja, mtu mwema, akanishauri nimtie kwenye kiroba nikamwache upande wa Ruaruke, akafe na wenzake. Nikamuuliza wenzake wa Ruaruke ni akina nani. Akatikisa kichwa, akasema, "Msomi, wewe hujui hata kufiwa na paka."

Alisema kweli. Hata kufiwa na mama nilikuwa sijajua bado. Tangu mazishi sikuwa nimetoa chozi. Nilipokea watu, nikakunja mikeka, nikarudisha masufuria ya kuazima, basi.

Hapo ndipo nikang'ang'ania. Na nawaambieni, haikuwa huruma peke yake. Mtu aliyepunguzwa kazini akiamka asubuhi hana anayemngoja. Yule paka alikuwa akiningoja mlangoni, kwa dharau, lakini akiningoja. Akifa yeye, nyumba ile ingebaki na mimi na msala uliokunjwa, na neno la mwisho la mama lingekuwa limefia mikononi mwangu.

Bwana mifugo wetu, ambaye kazi yake ni mbuzi na kideri cha kuku, alimtazama, akakiri hajawahi kutibu paka, ila kiu ile haikumpendeza, nimpeleke Dar. Nikamtia kwenye tenga la kuku, nikapanda basi. Abiria wa pembeni yangu akaniuliza kama mtetea wangu anataga vizuri. Nikasema wastani.

Daktari wa kule alimpima, akasema ni sukari. Na juu ya sukari kuna jino lililooza na fizi zenye usaha, zinazozidi kuipandisha hiyo sukari. Na miguu inalegea kwa sababu hiyohiyo. Jino akaling'oa palepale. Sindano ya insulini, akasema, utampiga mwenyewe, asubuhi na jioni, akishakula. Chakula kiwe samaki au nyama tupu: wali asiguse, ugali asiguse, vya nazi na maziwa asiguse. Akaongeza onyo moja. Siku nikimwona anayumba na kutokwa mate, nimpake asali kwenye fizi upesi, kabla ya jambo lingine lolote. Niliitikia kama wasomi tunavyoitikia, kichwa kinakubali na akili imeshafika stendi. Asali hata hivyo nilinunua, asali nzuri ya Mloka, nikaifungia kabatini.

Zamani dawa kama ile ningeisikia tu kwa jina. Lakini maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa, na insulini ikapatikana. Soko huria lililoninyang'anya kiti likanipa sindano. Nikalisamehe nusu.

Umeme nyumbani hamna, mnajua. Mwenye duka la mkabala wangu, aliyekuwa na friji la mafuta ya taa, alikubali kichupa cha insulini, kinachotaka baridi, kikae katikati ya soda zake. Kila asubuhi na jioni watu wakaniona naingia dukani na bomba la sindano mfukoni na kutoka nimefumbata kitu. Ikavuma kwamba huko Dar nilikotoka nilijifunza mambo.

Kupima ndiko kulikonivunjia heshima iliyosalia. Mwalimu mmoja wa kemia alinigawia dawa ya maabara ya rangi ya buluu. Unatia mkojo kidogo, unachemsha. Ikibaki buluu, sukari hamna. Ikienda kijani ipo kidogo, ikiwa manjano imezidi. Ikiwa rangi ya tofali la kuchoma, imejaa. Sasa mkojo wa paka unaupataje? Nilimfuata ua mzima na upawa. Fikirieni mtu mwenye shahada ya falsafa, amechuchumaa nyuma ya choo, upawa mkononi, anamwomba paka samahani.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Tofali likawa manjano, manjano yakaelekea kijani. Miguu ikaanza kunyooka. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama, na rangi ikarudi kwenye tofali.

Nikaenda posta, nikampigia simu daktari. Akaniuliza paka anakula nini. Nikamwapia: samaki tu, na namlisha kwa mkono wangu. Basi ongeza dawa kidogo, akasema. Nikaongeza. Tofali. Nikarudi posta. Ongeza tena kidogo. Mwezi mzima tukaenda hivyo, mimi napandisha dawa na sukari haishuki, na kioja ni kwamba paka ananenepa. Nikajua kapata ugonjwa mwingine wa tatu.

Idi ikaja, ikapita. Watu wakarudi mashambani, mikeka ya barazani ikakunjwa. Asubuhi moja nilimpa samaki wake, nikampiga sindano yake ile kubwa, nikakaa barazani kuandika makala kuhusu taifa kujitegemea. Jua lilipopanda akanijia anayumba. Akapita mlango kama mlevi, akaanguka kando ya kiti changu, mate yanamtoka, miguu inatetemeka, macho yapo wazi lakini hayupo.

Hapa ndipo mahali nilipowaambia msicheke.

Nilichofikiri ni hiki: mwezi mzima tofali, sukari imeishinda dawa, sasa inamuua. Nikakimbia dukani, nikachukua kichupa, nikavuta dawa kwenye bomba. Nilikuwa nimeshapiga magoti, nimeshaishika ngozi ya shingo yake, shangazi akaingia kuja kurudisha sinia.

"Unafanya nini?"

"Sukari imempanda, shangazi. Namwongezea dawa."

Alichuchumaa, akamgusa sikio, akatazama yale mate. "Haijampanda," akasema. "Imemwishia. Lete asali."

"Shangazi, mwezi mzima nimempima..."

"Iweke chini hiyo sindano, baba. Mimi nimeshaanguka hivihivi jikoni kwangu. Lete asali."

Ndipo neno la daktari likanirudia, likiwa limechelewa kama barua ya kijijini. Nikaweka sindano chini. Nikaleta asali. Shangazi akachovya kidole, akampaka kwenye fizi, pale palipokuwa na jino, huku akisoma dua kimyakimya. Akachovya tena. Mimi nilimshika kichwa, kilikuwa chepesi kama boga lililokauka, nikawa nasema jambo moja tu moyoni, nalo halikuwa la kifalsafa.

Ulimi ukasogea. Ukalamba. Kisha paka akamng'ata shangazi.

"Alhamdulillahi," akasema shangazi, akikitazama kidole. "Meno yaliyobaki yana nguvu."

Tulimlisha samaki kidogokidogo, tukamweka juu ya ule msala, tukakaa. Nikamuuliza shangazi: mwezi mzima sukari imejaa, leo imetoweka, imekwenda wapi? Akakifuta kidole chake kwa upindo wa kanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Ramadhani nzima yeye kila futari alimtengea kisahani cha tambi za nazi. Kidogo tu. Alikuwa anatoa sadaka, thawabu zimfikie mama yangu, na sadaka haipigiwi ngoma. Ndiyo maana hakuniambia.

Nikatoka, nikaenda dukani kurudisha kichupa, nikauliza. Mwenye duka akatazama pembeni: mkate wa kumimina, na maziwa. Kwa nia ya marehemu. Nyumba ya pili yake, ndizi mbivu za nazi. Kwa nia ya marehemu. Nyumba ya kona, uji wa mchele, na hao walidhani wao tu ndio waliokumbuka. Na yule jirani wa kiroba, ndugu zangu, yule aliyetaka kumpeleka Ruaruke, alikuwa akimpa wali na mchuzi wa samaki kila magharibi, kwa siri, akiogopa nisije nikamwona kabadilisha msimamo.

Mtaa mzima ulikuwa ukimfuturisha paka asiyefunga. Kila nyumba kidogo tu, kila nyumba peke yake, kila nyumba inaficha. Mimi huku napandisha dawa kuzifukuza futari nisizozijua. Mwezi ulipokwisha milango ikafungwa, vyakula vikakoma, dawa ikabaki palepale juu.

Mnadhani niliwakasirikia. Nilirudi ndani, nikakaa kando ya ule msala, nikalia. Nilimlia mama, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Sikuwa najua ana watu wengi namna ile. Miezi yote ile nilidhani nimeachiwa nyumba tupu na paka mwenye dharau, kumbe nyumba nzimanzima za watu zilikuwa zikimkumbuka kwa visahani, mlango kwa mlango.

Shangazi alichana kipande cha kanga ya mama, akamfunga paka shingoni. Mtaa ukaambiwa: mkiona kitambaa, huyu ameshakula. Mwenye sadaka yake ailete kwangu mchana kweupe, na iwe samaki. Ndugu zangu, nililetewa samaki mpaka mimi mwenyewe nikanawiri. Daktari akapunguza dawa, akapunguza tena, na ile rangi ikawa kijani, kijani ikafifia, na asubuhi moja nilichemsha, nikasubiri, nikachemsha tena kwa kutoamini, ikabaki buluu. Buluu kama kanzu iliyotiwa rangi mpya. Daktari akaniambia nipumzishe sindano, niendelee kupima. Mpaka leo ni buluu. Mguu mmoja bado anaburuza, meno ni ya kuhesabu, na dharau imerudi yote. Na mimi, tangu nilipozoea kuamka kwa ajili ya sindano yake, sijalala tena mpaka jua likanikuta kitandani. Siku hizi makala naandika asubuhi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru bwana mifugo aliyekubali kusema hajui, daktari wa Dar kwa uvumilivu wa simu, mwalimu wa kemia, mwenye friji. Namshukuru shangazi na kidole chake. Na nyinyi wengine wote nawashukuru kwa tambi, kwa ndizi na kwa uji, ingawa karibu mniulie paka. Thawabu zenu zilifika, nina hakika. Zilipitia njia ndefu tu.

Nililojifunza ni hili. Sadaka ya maskini ifiche. Ya mgonjwa wa sukari itangaze, maana mgonjwa huyu haangushwi na adui. Anaangushwa na wanaompenda, kila mmoja na kijiko chake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Shangazi yangu ana wakwe wanne na wajukuu siwezi kuwataja, na kila nyumba anayoingia hupewa kidogo tu. Ulizaneni. Semeni mlichompa.

Nimemaliza. Ila kuna sinia pale nyuma, karibu na birika la kahawa, limefunikwa kawa. Sitaki kujua limeletwa na nani, na nia yake naijua ni njema. Lakini harufu ya kashata imenifikia tangu nilipokuwa nasimulia habari ya jino, na mwenyekiti wetu amegeuka kulitazama mara kadhaa. Naomba mwenye sinia asimame, alifunue, aseme ni vipande vingapi. Kitambaa kingine cha kanga ninacho mfukoni.