Kiwiko cha Mama Stempu

Kamati ya jarida ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu haikuzunguka sana. Ilikuja moja kwa moja mezani kwangu, mimi ambaye posta nzima inaniita Mjomba, kwa sababu inajulikana kwamba nikiugua siku mbili tu, barua za nchi nzima zinapotea njia.

Sasa tusikilizane. Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na tatu kwenye chumba cha kuchambua barua, Mama Stempu anastaafu. Alianza kwa kubeba magunia, anaondoka akiwa msimamizi wa zamu. Mwaka ule wa mafuriko, mimi na yeye tuliokoa magunia kumi na manne. Kumi na mawili nilibeba mimi, ingawa yeye huhesabu vingine.

Jina hilo hakupewa bure. Anakusanya stempu, lakini maua na ndege wa kuchora anawaachia wengine. Yeye anataka picha iliyopigwa kwa kamera: mtu kweli, daraja kweli, treni kweli. Ndiyo maana muhuri wake hugusa pembe tu ya stempu. Wageni wote wa kazi aliwafokea, mimi nikiwa wa kwanza: "Wee! Huyo ana mama yake. Unampakaje wino usoni?"

Kwa miaka ishirini na sita amebadilishana postikadi na mwoka mikate mmoja wa nchi ya mbali, mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Albamu zimefika tisa. Na kila mwaka mwoka mikate huuliza lile lile: lini utanitumia stempu yenye sura yako?

Basi mwaka jana posta ikaamua kutoa stempu ya kutuenzi wafanyakazi. Mpiga picha akaja, akatupiga mara mbili pale pale mezani. Stempu ilipotoka, Mama Stempu akanunua karatasi nzima, akashika lenzi, akajitafuta. Nani yuko katikati? Meneja, aliyekuwa na miezi minne kazini, na ambaye hadi leo akishika muhuri anajigonga kidole! Na Mama Stempu? Kiwiko. Miaka yote hiyo, jamani, kiwiko!

Aliituma hivyo hivyo, akachora mshale kwa kalamu nyekundu: huyu ni mimi. Mwoka mikate akajibu kwamba kinaonekana ni kiwiko cha mchapakazi. Sisi tulicheka. Yeye aliingia stoo, akakaa humo mpaka chai yake ikapoa.

Ile picha ya kwanza ipo. Anaonekana mzima mzima, anacheka. Imelala kwenye droo makao makuu. Ameiomba kwa barua mara tatu, na mara tatu ameambiwa habari za utaratibu. Utaratibu gani? Na sasa nasikia zawadi ya kumuaga ni stempu ile ile ya kiwiko, imetiwa kwenye fremu! Hii ni dharau ya mchana kweupe. Nasema mbele ya wasomaji wote: siku ya hafla, ndani ya fremu hiyo tuikute picha ya kwanza. La sivyo nitaomba kipaza sauti, na mnanijua nikishakishika.

Mama Stempu, asante kwa kutufundisha kugonga muhuri kwa adabu. Kapumzike, macho yako yabaki makali, na kadi zisikome kubisha mlangoni kwako.

Limebaki jambo moja, nalo kamati haikunituma niliseme. Aliyeomba picha irudiwe ni mimi. Katika ile ya kwanza nilikuwa nimefumba macho. Na lile shati la mistari linalomziba Mama Stempu, ambalo mmekuwa mkiuliza ni la nani kwa kuwa kichwa kimekatwa na ukingo wa stempu, ni langu. Nilivuta tumbo ndani, lakini halikuingia lote.