Chumba cha Mbele ni cha Mama Mdogo

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Na wewe mkubwa, usijifiche nyuma ya dada zako, maana nina maneno na wewe na sitaondoka nayo.

Mali yangu mnaijua. Cherehani achukue mdogo wenu, ndiye mwenye mkono wa kushona. Vyumba viwili vya nyuma mgawane bila kelele. Cha mbele nitakitaja, kwanza nisikilizeni.

Baba yenu alipoanguka kutoka ghorofa ya pili akijenga nyumba ya watu, mgongo ukavunjika, ndugu zake walikuja mara moja, wakamtazama, wakaenda zao. Mkawa mnalala na njaa. Nikasikia kuna ofisi ya ustawi wa jamii inayosaidia nyumba kama yetu, nikaenda siku tisa mfululizo, mdogo wenu mgongoni: leo afisa hayupo, kesho fomu zimeisha, keshokutwa mwenye muhuri kasafiri. Nikawa naomba kwa sauti ndogo kama mwizi.

Siku ya kumi yule mfua nguo wa nyumba ya nyuma, mnayemwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja, alinisindikiza na beseni lake la nguo za watu. Tulipoambiwa tusubiri, alimwomba mfagiaji maji, akaketi palepale ukumbini, akaanza kufua, povu likapita chini ya mlango wa mkubwa wa ofisi mpaka akatoka viatu vimelowa, akauliza huu ni wazimu gani.

"Nafua hapa," akamjibu taratibu, "kwa sababu leo sirudi nyumbani mpaka huyu mama aandikwe."

Tuliandikwa kabla ya adhuhuri. Ndipo tukapata unga, dawa za baba yenu, na wewe mkubwa ukalipiwa shule. Tena ni yeye aliyewakusanya wanawake wa mtaa, wakapeana zamu ya kumgeuza baba yenu kitandani asioze mgongo, miaka miwili, mpaka akafa akiwa msafi.

Shule hiyohiyo ndiyo iliyokukalisha dirishani kwenye ofisi ileile. Na nyumba yake ilipoungua mwezi uliopita, alikuja dirishani kwako mara tatu, ukamwambia barua yake ya kuomba msaada haina muhuri, hata uso hukuinua. Unamjua! Amekuogesha! Wala hakuja kukushtaki. Ni mvua iliyomleta barazani kwangu, nikamuuliza, akasema tu kwamba mwanangu ana kazi nyingi. Anakutetea, na hapo ndipo ninapoungua.

Jana ulinieleza habari za utaratibu. Utaratibu naujua, niliukalia kwenye benchi. Ungemwambia muhuri unapigwa wapi, ungemshika mkono ukampeleka, ni mlango wa tatu tu kutoka kwako. Nimezaa mtu au nimezaa dirisha?

Basi chumba cha mbele ni cha mama yenu mdogo mpaka siku yake ya mwisho, asidaiwe kodi wala asiulizwe atatoka lini. Na wewe, Jumatatu usiingie kwa mlango wa wafanyakazi. Utapanga foleni naye, yeye akae, wewe usimame, mpaka aandikwe. Nikifa kabla ya hapo, wanizike bila wewe. Usishike jembe, usiteremke kaburini, mpaka shughuli yake iishe. Dada zako ni mashahidi.

Nipe maji... yanatosha.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningenyamaza. Mungu awape watu wa kuwainua mkianguka, na awape macho... ya kumwona aliyeanguka. Mkono wangu hauinuki. Uchukue, uuweke kichwani kwako mwenyewe. Hivyo.

Sasa toka, ukamwite mama yako mdogo. Yuko barazani... tangu asubuhi. Mwambie aingie.